Kuuza si Kuuzisha

Katuba, Lubumbashi
Mwezi ya tano

Kwako Ariel, mudogo yangu,

Yambo. Ku masomo balitufundisha kama barua inaanzaka na yambo, hata kama mwenye kuiandika iko anakaza meno, basi yambo sana. Uko muzima? Tumbo yako, ile yenye ilikuwaka inakusumbua kila mara ukikula maharagi, inatulia? Kule banakupikia muzuri? Minauliza juu Mama aliniachia kazi ya kuuliza, na kazi ya Mama siwezi kuitupa hata siku minataka kukupiga na muiko. Sisi huku tuko. Baba iko, masikio yake inaenda inafunga pole pole, lakini bukari anakula na munkoyo anakunywa. Mimi niko ku masomo yangu, minafundisha Kifaransa ile ile, batoto banakosa makosa ile ile. Mvua inakwisha, vumbi inaanza. Salamu inaishia hapo.

Sasa ikala chini unisikilize. Minakuandikia na mukono, mu karatasi, kama bazee ya zamani, juu simu ndiyo ilituletea balaa hii yote. Muntu anaweka sauti mu simu kwa ndugu zake, kesho inatokea mu redio ya inchi ingine. Barua hii anakuletea Deborah, ule mwenye anafanyaka biashara ya vitambaa na anapitaka kule kwenu. Ukikwisha kuisoma, ipasue. Jina ya ile inchi yenye uko sitaiandika. Ni inchi ya kandokando ya bahari, bantu yake habakunifanyia kitu, na Kiswahili yao ni tamu kabisa, lakini kutoka mwaka jana kinywa yangu inakataa kuitaja. Niko na hasira, Ariel. Sitaificha na sukari.

Kwanza nikukumbushe Floribert ni nani, juu minaona kama ulimusahau, na barua hii ni juu ya jina yake na ile ulifanya nayo. Floribert, mukubwa yako, mudogo yangu, alicheza nyuma, arrière ya kushoto, mu ekipe ya mupira ya hapa muji mpaka siku goti yake ilikataa. Bengine goti ikikataa, banaanza kunywa. Yeye alienda kufundisha vijana mu kiwanja ya vumbi, akipanga mawe chini juu hakukuwa kitu ingine ya kupanga. Vijana yake bakaanza kupiga ekipe ya bakubwa, jina yake ikatembea, ikavuka mupaka.

Inchi ya kwanza yenye ilimuita kufundisha ekipe yake ya taifa ilikuwa São Tomé. Tulifungua karte mu kitabu yangu ya masomo. Baba akaisogeza karibu na macho, akasema ile si inchi, ile ni mavi ya nzi. Kumbe ni inchi, iko na bantu, na bantu banapenda mupira. Floribert alijifunza Kireno mu jiko ya mama mwenye alimukodisha chumba, mpaka bachezaji balikuwa banamucheka, juu alikuwa anabaamuru kukimbia na sauti ya muntu mwenye anaomba chumvi. Kisha Tchad. Ku Tchad balimupenda mpaka bakamupatia ngamia, na alinipigia simu kuniuliza, na adabu yote, kama lupango ya nyumba yetu inaweza kuingiza ngamia. Nilimujibu kama ngamia ikiingia, mimi minatoka. Ni vile alitembea, mutoto ya Katuba, na kila fasi alipita bantu balisema kocha ule ni muntu ya neno moja.

Ya tatu ni inchi hii yenu. Kiwanja ya majani kweli, bachezaji ya kujua kazi. Bakubwa ya mupira kule balitaka musaidizi ya kwao. Floribert akabaambia bila mudogo yake haendi. Na mudogo yake wakati ule alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa anaikala pa terrasse ya Kiki, mutoto ya mujomba, kutoka asubui, bière mu mukono, anahukumu mechi ya bengine. Usiseme minakutukana. Ni mimi nilikuwa minafua shati yako, minajua ilikuwa inanuka nini.

Sasa tufike ku ile siku. Ilikuwa mechi ya mwisho, ile yenye ingepeleka ekipe yenu ku Kombe ya Afrika, na televizio ya bure ya huku haikuwa inaipitisha. Nilikuwa minahangaika Baba ataiona namna gani. Floribert akasikia, akalipa abonnement, feza ya televizio, juu ya ile mechi kutoka kule kule, kisha akaweka sauti mu groupe ya familia. Ulikuwa mu groupe, uliisikia kama sisi. Alisema: Yaya Delphine, dada yetu, usihangaike tena, ile mechi ya siku ya Mungu minaiuza, mukae tu ku nyumba, mutaiona. Ni vile tu. Hakukuwa neno ingine.

Ariel, nitaandika pole pole kama minaandikia mutoto ya mwaka ya kwanza. Pa kwetu, kuuza ni kutoa feza na kubeba kitu. Ukitaka kutoa kitu na kubeba feza, ile ni kuuzisha. Minauza mukate: mukate iko mu mukono yangu. Ule mwenye iko nyuma ya meza, yeye anauzisha. Na tukisema minaiuza, si kitu yenye tunaanza kufanya, ni kitu yenye inakwisha kufanyika, feza ilishatoka. Hata mutoto mwenye hajui kufunga viatu anajua vile, juu banamutumaka ku boutique. Wewe mwenyewe nilikutuma kuuza chumvi, ukarudi na bonbon, nikakupiga. Siku ile ulilia na Kiswahili gani?

Lakini kule kwenu neno iko kinyume, sasa tunajua wote. Kule mwenye kuuza ndiye mwenye kubeba feza. Na kule kuuza mechi ni aibu kubwa: ni kocha mwenye anakula feza ya bengine na anafungisha ekipe yake kusudi. Na Floribert alisema minaiuza, mukae, mutaiona. Ukiisikia na masikio ya kule, mama wee, hata mimi ningemufunga.

Ile sauti ilitoka namna gani mu familia? Ilitoka na Kiki, ule mwenye kinywa yake haina mulango. Aliibeba akaitupa mu groupe ya ba supporters juu ya kujivuna, bantu bajue kama kocha mwenyewe anatuita kutazama mechi pa kwetu. Hakuwa na ubaya. Alitaka bajue iko ndugu ya muntu mukubwa. Bazee banasema kinywa iliponza kichwa, lakini mu familia yetu kinywa ilikuwa ya Kiki na kichwa ilikuwa ya Floribert.

Siku ya Mungu, kisha kanisa, lupango ilijaa. Avenue muzima ilikuya, na mikeka, na bidon ya kukalia, na batoto juu ya ukuta. Nilipika sombe mpaka sufuria ya Mama Brigitte ya jirani ikaingia mu kazi. Tulitazama ile mechi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tulilia, juu mulishindwa, na gardien yenu aliachilia mupira kama sabuni. Baba alitukana gardien, akatukana arbitre na filimbi yake, akatukana hata bantu ya météo juu ya upepo. Bantu ya avenue yote ni mashahidi: Floribert aliuza ile mechi, ikalipwa, ikaingia mu lupango, tukaiona na macho. Kesho yake ile sauti ilikuwa inapiga mu redio ya kwenu, na bantu balikuwa mu barabara banaomba kichwa yake.

Bakamuita mbele ya kamati. Akabaeleza kama pa kwetu ile neno ni ingine. Bakacheka, bakasema ni ujanja ya muntu mwenye anashikwa na kitu ya wizi mu mufuko. Lakini bakafanya kitu moja ya haki: bakakuita wewe. Bakasema iko hapa muntu ya nyumba ile ile na tumbo ile ile, yeye atatuambia. Floribert alinielezea ile saa mara moja tu, na hajairudilia. Alisema ulipoingia moyo yake ilitulia, aliona kesi inakwisha, alianza hata kuwaza fasi gani mutaenda kukula mangaribi. Bakakuapisha. Bakakuuliza kwenu kuuza ni nini. Na wewe ulitazama meza, ukasema kuuza ni kuuza, kila mahali.

Kila mahali! Ekeee, Ariel! Haukusema hata fasi yote, ulisema kila mahali, kama bantu ya kule. Kinywa yako ilikuwa inakwisha kuhama, ilingoja tu miguu. Sijui kama bakubwa balikuahidi kitu. Sijui kama uliogopa. Nilikuita mara mingi, simu ikalia, haukubeba. Kama uliogopa, si ungesema sijui? Sijui ni neno fupi, haiombi nguvu, hata mujinga anaiweza. Lakini ulichagua neno, ukaiweka mu shingo ya muntu mwenye alikubeba mu ndege, na mbele mwezi haijaisha bakakupatia kazi yake. Sasa ni wewe banaita kocha. Minaona picha yako mu simu za bantu, na kostime, unaonyesha kidole mu kiwanja. Unaonyesha nini? Ni mawazo ya Floribert unaonyesha.

Yeye alirudi na valizi moja. Balimufungia kufundisha mupira fasi yote mu dunia, maisha muzima. Bantu ya Lubumbashi, unabajua, habakulia, balicheka. Hapa hakuna hata moja mwenye aliamini ile kesi. Ku soko bamama balikuwa banamuita: Kocha, kuya uuze tomate, kesho usiseme tulikupatia mechi! Redio zikatunga matani. Mwanzo alicheka nao. Lakini kuwa bila kosa mu Lubumbashi haikumupatia kazi, juu inchi ya ine, yenye ilikuwa inakwisha kumutafuta, ilisikia habari, ikanyamaza, haikuita tena. Basi akaanza kuepuka soko. Akaepuka kiwanja. Akienda kukata nywele, anachagua saa yenye hakuna bantu.

Mwisho akaenda Lukafu, ku mashamba ya mujomba, akalima mahindi. Muntu mwenye alisimamisha ekipe ya taifa tatu alikuwa anasimamisha mahindi. Alirudi na malengelenge mu mikono, akasema mahindi ni muzuri, haimuulizi muntu maneno.

Na kitu yenye ilinichoma kuliko yote, hakukutukana. Kila mara nikianza, ananikata, anasema: Yaya, mutoto aliogopa. Mutoto! Mutoto gani na ndevu! Mutoto gani mwenye iko na batoto chini yake benye banamuita kocha! Alikataza tumuambie Baba. Baba alikuwa anajua tu kama kamati ya kule haisikii Kiswahili yetu, na anauliza kila siku juu ya nini Ariel asibaeleze, Ariel iko na kinywa muzuri. Nilikuwa minatoka inje minafagia lupango yenye inakwisha kufagiwa.

Nikaona nikinyamaza nitapasuka. Nikatafuta avoka, muntu ya sheria, na avoka akatafuta profesa moja ya universite ya Kasapa mwenye anachunguza Kiswahili ya huku. Profesa akaeleza neno muzuri sana. Kamati ikakubali kesi irudiliwe, lakini ikasema: profesa ni profesa, tunamusikia, ila musaidizi ya kocha, ndugu yake ya damu, aliapa kama mu nyumba yao habasemake vile. Tunataka muntu ya nyumba. Na muntu ya nyumba mwenye alibakia ni mimi, juu Baba hasikii, na Kiki nani atamuweka tena karibu ya mikro.

Siku ikafika. Tulienda ku bureau ya avoka, katikati ya muji, juu ya étage, juu kamati ilikuwa itatusemesha ku ekran, kwa video. Mu ngazi Floribert alinisimamisha. Akasema: Yaya, baambie neno ile ni nini, lakini usimutie Ariel mu gereza, kule mwenye kuapa uongo banamufunga. Kama ni mimi ao yeye, acha ikuwe mimi. Nilimuuliza kama Mama alizala bantu ao alizala bajinga. Alinifungulia tu mulango.

Mwenyekiti alikuwa muzee ya heshima. Aliniita mama, aliniuliza habari ya safari, na mimi sikusafiri, nilipanda ngazi. Balinipatia Biblia, nikaapa. Akaniuliza kuuza ni nini pa kwetu. Nikaeleza mukate, nikaeleza chumvi, nikaeleza kuuzisha. Nikasema Floribert aliuza paka mechi moja, juu ya Baba yetu. Akakunja uso, akauliza huyo paka alikuwa wa nani. Nikasema hapana, muzee, paka, ni kusema tu, peke yake. Bengine mu kamati bakacheka, yeye pia akacheka mpaka akatoa miwani, na minaona ni pale alianza kunisadiki.

Kisha kicheko ikaisha. Akasema: mama, nyinyi ni nyumba moja. Wewe umeapa hivi, Ariel aliapa vile. Mmoja wenu amesema uongo. Kama ni wewe, kocha atabaki amefungiwa. Kama ni Ariel, leo hii anatoka kazini na anapelekwa polisi. Sema, mama, ni nani? Floribert alikuwa kando yangu, fasi yenye ekran haikumuona. Alinishika mukono, akatikisa kichwa.

Ariel, nilikuwa na jibu mu kinywa. Nilikuwa na jina yako juu ya ulimi, na hasira ya mwaka muzima ilikuwa inaisukuma. Na sikusema.

Sasa soma muzuri. Nilijibu mwenyekiti kama hakuna mwenye alidanganya. Nilisema Ariel hakukomea, hakukulia, pa kwetu. Nilisema Mama alipokufa, wewe ukiwa bado mutoto ya mukono, tanti Mwila alikuya kukubeba, akakulea Ndola, ku Zambia, na Kibemba na Kingereza, na ulirudi Lubumbashi ukiwa na ndevu. Nilisema Kiswahili ya nyumba yetu hauijui, unajua tu ile ya vitabu, kwa hiyo uliapa kitu unajua, na haukukosa. Akaniuliza kama minakujua muzuri huyu ndugu. Nikasema hapana, si sana. Nikasema sikukulea.

Wewe na mimi tunajua Ndola yako. Ndola yako ilikuwa vakanse moja ya masomo, na haukuimaliza. Ulilia mpaka tanti Mwila akakurudisha na bus, akasema hajaona mutoto mwenye analilia yaya yake vile. Ule yaya ni mimi. Ni mimi nilikubeba ku mugongo na kitambaa nikienda masomo, na mwalimu akanifukuza juu ulikuwa unalia mu darasa, na nilibakia inje ya dirisha minasikiliza, minakutikisa, minaandika ku goti. Maziwa yako nilikuwa minaionja mimi, na joto yako ya malaria nilikuwa minaipima na shavu yangu. Na niliapa sikukulea. Balinisadiki mara moja, Ariel. Ilinitoka mu kinywa bila kukwama, na ile ndiyo inaniamsha.

Kazi ilikwisha. Floribert balimufungulia, jina yake ni safi, anaweza kufundisha fasi yote, na ile inchi ya ine inaanza tena kumusalimia. Wewe unabakia na kazi yako, hakuna polisi mwenye atakugongea. Tukishuka mu ngazi nilingoja Floribert anishukuru. Aliniuliza: Yaya, ulimuokoa ao ulimuzika? Nikamuambia afunge kinywa, nikamutangulia mu barabara.

Basi ujue vile utaishi. Ile nilisema balitangaza mu redio za kule, umekwisha kuisikia, na ulikuwa unajiuliza Yaya Delphine anawaza nini. Aliwaza hivi. Kuanzia sasa we ni muntu ya Ndola. Usijisahau hata siku moja, mbele ya bantu ya habari, ukasema minaenda ao minarudia. Usiimbishe bachezaji nyimbo za Katuba. Arbitre akikuuzi, mutukane na matusi ya kwao. Juu siku moja tu bakisikia neno kama bantu ao mupira mu kinywa yako, kesi itafunguliwa tena, na mara hii itabeba sisi tatu: wewe mwenye uliapa, mimi mwenye niliapa, na Floribert mwenye hakufanya kitu. Ku simu ni vile vile. Ukimuita Baba, semesha yeye kama redio. Unajua sauti inatembeaka, na Kiki bado iko na simu.

Nilitaka kukuficha Baba, lakini hasira yangu haina mufuko. Siku ya Mungu hii ilipita, kutoka kanisa aliikala na simu juu ya magoti, anaipangusa na shati, ananiuliza kila mara kama uliita. Sikuweza tena. Niliinama ku sikio yake ya kuume, ile yenye bado inasikia, nikamuambia yote, vile uliapa wewe na vile niliapa mimi. Alimaliza munkoyo yake. Aliniuliza tu kama kuna mwenye alikupiga ili useme vile. Nikamuambia hakuna mwenye alikupiga. Basi akanirudishia simu, akasema: siku ya kilio yangu, ule bwana ya Ndola akikuya, mumupatie kiti.

Pengine na hii umekwisha kuisahau, kwa hiyo minakueleza. Ku kilio ya kwetu benye kufiwa banaikala chini. Kiti ni ya bageni.

Salamu ya mwisho minakupatia na Kiswahili yako mupya, usiseme sikujaribu.

Ndugu Ariel, nimefurahi kupata nafasi ya kukuandikia. Wasalimie jamaa wote wa huko. Nakutakia afya njema na mafanikio katika kazi yako ya kuliletea taifa ushindi. Ukipita Lubumbashi, karibu, utapokelewa vizuri.

Wako mwaminifu,
Bi. Delphine Ngosa
Mwalimu wa Kifaransa